Maksai wa Mwikali Apigwa Picha

Mwikali wa Kola alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba mtu haendi kituo cha polisi, hupelekwa. Kwa hiyo maksai wake Kanini alipoibwa Julai ya mwaka 2005, alifuata njia ya kawaida: akawaambia wazee wa ukoo, wazee wakaambiana, na habari ikaishia hapo. Akabaki na maksai mmoja, na mmoja havuti plau. Mvua za Novemba zilikuwa njiani, na shamba gumu kama sakafu ya kanisa.

Oktoba polisi nao wakaamua kupendwa. Amri ilitoka juu: kila kituo kiwe na siku ya wananchi, geti lifunguliwe, watu waingie, wanywe soda, waone seli, kisha watoke. Hilo la kutoka ndilo watu hawakuliamini. Hadi saa nne, katika viti vyote vya kukodi alikuwa amekaa Koplo Ramzi peke yake, kijana wa mjini Machakos aliyepewa kazi ya kukaribisha.

Mwikali alikuwa akienda sokoni. Geti lile la mabati hakuwahi kuliona wazi, akachungulia. Nyuma ya seli, kando ya kabichi za kituo, Kanini alikuwa akicheua, mnene kuliko alivyoondoka.

"Afande, hiyo ng'ombe ni yangu!"

"Alhamdulillahi! Mama, tulimkamata na mwizi wake tangu Agosti. Twamngoja mwenyewe tu."

"Na hamkutangaza?"

"Tulitangaza, kwenye ubao."

"Ubao uko wapi?"

Koplo akageuka kuutazama. Ulikuwa ndani, mkabala na mlango wa seli.

Mwikali akashika kamba. Mkuu wa kituo akatokea.

"Huyo si ng'ombe, mama. Ni kielelezo. Haondoki mpaka kesi isikizwe, na imeahirishwa hadi Februari."

"Na mvua pia imeahirishwa?"

Mkuu akacheka, kisha akaona viti vitupu, akaacha kucheka. Mgeni wa makao makuu angefika saa nane. Mwikali naye alikuwa akivitazama. Yeye ndiye mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha wanawake wanaolimiana mashamba kwa zamu.

"Niko na wamama arobaini," akasema. "Nikiita, wanakuja. Lakini hawapendi kukaa mahali ng'ombe ya mwenzao imefungwa."

"Mkubwa," Ramzi akanong'ona, "sheria yaruhusu kielelezo kipigwe picha, mwenyewe akabidhiwe kwa dhamana."

"Sheria naijua," mkuu akasema, kama mtu aliyejulishwa sasa hivi.

Saa nane viti vilijaa. Wanawake walipiga makofi, wakanywa soda mbili mbili, wakaona seli, na walipotoka wakahesabiana getini. Kanini akapigwa picha, mbele na ubavuni, kama mshukiwa yeyote, akaenda nyumbani.

Sharti lilikuwa moja: polisi aje kila Jumatano kuhakikisha kielelezo kipo. Jumatano ni siku ya mwethya, na mwethya una sharti lake: anayekanyaga shamba siku hiyo hasimami kutazama.

Koplo Ramzi alifika na viatu vinavyong'aa.

"Kielelezo ki wapi, mama?"

"Si hicho, kiko kwa nira. Shika plau, afande, kisipotee tena."

Wanawake wakaangua kicheko. Akavua viatu, akashika.

Mvua ilipofika ilikuta shamba limelimwa lote, ila mistari ya kwanza ilipinda kidogo kuelekea kituoni.