Jina la Mama Kwenye Orodha ya Kuhama

Eufrazia Mkude alizaliwa Lukundwe Juu, kwenye mteremko wa Uluguru ambako kabichi na karoti hulimwa kwenye matuta yaliyochongwa ubavuni mwa mlima. Utoto wake wote mvua ya masika haikumtisha. Alianza kuiogopa alipoajiriwa kuwatahadharisha wengine juu yake. Alikuwa amesoma chuo kikuu, Mzumbe, kisha akapata kazi kwenye shirika dogo lenye ofisi Bigwa, chini ya mlima, na kazi yenyewe ilikuwa kutunza hifadhidata ya namba za simu za wanavijiji wa kandokando ya mto, ili maji yakijaa wapate ujumbe mapema.

Alasiri moja ya Aprili Yakobo, anayeangalia kipimo cha maji kule mlimani, alipiga simu ofisini. Sauti ilikuwa inakatikakatika. Alisema mto umegeuka rangi, unashuka na magogo, na kipimo chenyewe hakionekani tena. Halafu akasema jambo la pili: ardhi imemeguka, na njia ya miguu inayoshuka kutoka Lukundwe Juu inaendelea kuporomoka.

Rashidi, mkuu wa ofisi, hakupoteza muda. Watu wa Lukundwe Chini, walio bondeni, waambiwe watoke sasa hivi, wavuke daraja la miguu na kupanda hadi shuleni. Wa Lukundwe Juu wakae majumbani mwao, kwa kuwa mgongo wa mlima pale ni mwamba mtupu, na asithubutu mtu kushuka.

Siku za kawaida Eufrazia angefungua ukurasa wa mfumo, akabonyeza vitufe viwili vitatu, basi. Siku hiyo ukurasa ulikataa kufunguka. Njia iliyobaki ni lile dirisha jeusi ambalo mtu huandika amri kwa mkono na kuzungumza na hifadhidata ana kwa ana. Akaanza kuandika. Amri ilikuwa ndefu, ikajikunja kwenye skrini mpaka mwanzo na mwisho vikachanganyika. Akakosea katikati, ikakataliwa. Akarudia, ikakataliwa tena.

Akaacha kushindana nayo. Aliandika neno fupi la kuliambia dirisha limfungulie programu ya kuandikia, ile aliyoizoea tangu chuoni. Humo aliweza kupanga amri mstari chini ya mstari, kurudi nyuma, kufuta, kama anayeandika barua. Lakini programu ile ina tabia moja: ukihifadhi ulichoandika na kuifunga, amri inachukuliwa na kutekelezwa papo hapo. Haikuulizi mara ya pili. Na majina yakishaingia kwenye foleni ya ujumbe, simu zinaanza kulia vijijini.

Akaandika amri ya Lukundwe Chini. Akahifadhi.

“Tuma, Eufrazia,” alisema Rashidi, amesimama nyuma ya kiti chake. “Watu wako bondeni.”

Vidole vilikuwa tayari kwenye kibodi. Hakujua ni nini kilichomzuia. Alimwomba mkuu wake avumilie kidogo, akarudi kwenye mstari wa kwanza na kuugeuza, ili amri ionyeshe tu majina ya watakaopelekewa ujumbe bila kuyaweka kwenye foleni. Rashidi alishusha pumzi kwa nguvu. Eufrazia akahifadhi upya, akafunga.

Majina yakaanza kupanda kwenye skrini. Ya Chini aliyafahamu, mengi aliyaandikisha mwenyewe. Kisha yakaja mengine, na kati yake akasoma: Regina Mkude.

Ni mama yake.

Alikuwa ameiambia hifadhidata ichukue kila kijiji ambacho jina lake linaanza na Lukundwe, nayo imetii, ikachukua Chini na Juu kwa pamoja. Akilini alimwona mama yake akisoma amri ya kuhama, akijifunga kanga kichwani, akiwaita majirani, wote wakishika ile njia inayoporomoka kwenda kuvuka daraja. Asingesita. Ujumbe wa ofisini kwa binti yake hakuwahi kuutilia shaka.

“Nimewachanganya,” alimwambia Rashidi. “Wa Juu wangeshuka.”

Akaita tena programu ya kuandikia, nayo ikamrudishia amri yake kama alivyoiacha. Akaandika jina la kijiji kwa ukamilifu, akatazama majina upya. Mama hakuwemo. Hapo ndipo aliporudisha mstari wa kwanza kama ulivyokuwa. Hakuyaamini tena macho yake, akamwomba Rashidi asome kila mstari kwa sauti. Rashidi akainama, akasoma polepole kuliko alivyotaka yeye mwenyewe, akaitikia kwa kichwa. Eufrazia akahifadhi, akafunga. Ujumbe ukaenda. Kisha akatuma ule wa Juu, wa kuwaambia wakae ndani, kwa utaratibu uleule.

Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya, na huko kungoja kulimtesa kuliko kuandika. Giza lilikuwa linaingia Yakobo alipopiga. Watu wa Chini walikuwa shuleni, wameloa chapachapa. Daraja limeondoka, na bustani zote za bondeni zimekwenda na maji. Ezekiel, mzee wa Chini aliyebadilisha laini yake ya simu bila kumwambia mtu, hakuwa ameonekana. Walimkuta kesho yake asubuhi juu ya paa la banda la mbuzi, hai, baridi imemkausha sauti.

Eufrazia alimpigia mama yake usiku ule wa mafuriko, akamwamkia shikamoo kwa sauti isiyokuwa yake.

“Marahaba, mwanangu. Tumekaa ndani kama mlivyosema,” alijibu Regina. “Majirani walitaka kushuka kuwaangalia wa Chini, nikawasomea ujumbe, wakatulia. Ila wewe, ujumbe gani ule hauna hata salamu?”

Eufrazia alitaka kucheka, akajikuta analia. Mama yake akauliza amekula nini.