Mwanamke wa Sinia kwenye Bango la Rais

Saa mbili asubuhi, siku ya Alhamisi, fundi yuko juu ya ngazi na kopo la rangi nyeusi limening'inia kiunoni. Mbele yake, kwenye turubai iliyofunika nusu ya ukuta wa ukumbi wa sinema, Rais amekaa kwenye kiti chake na macho mekundu ya mtu aliyekosa usingizi. Fundi hamtazami Rais. Anatazama kona ya juu, penye pazia na mwanamke aliyeshika sinia la chai.

Anachovya brashi. Anaiinua. Anaishusha bila kugusa turubai, na tone moja linaangukia kiatu chake.

Chini, watu waliokuwa wanawahi kazini wamesahau kazi. Kinyozi wa jirani, ambaye mtaa mzima unamwita Profesa ingawa shule na yeye waliachana mapema, anatoka nje na mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa.

"Jamani, fundi anaficha ushahidi!" anapiga kelele. "Mshusheni huyo kabla hajaharibu!"

Ushahidi wenyewe ni mke wa fundi. Ndiye aliyechorwa pale na sinia mkononi. Kwa mwezi mzima sasa, mashabiki wengi wa sinema wa mtaa huu wamekuwa wakikubaliana kwamba ndiye aliyemuua Rais.

Filamu inayosubiriwa inaitwa Rais Hajalala. Itaonyeshwa Jumamosi mchana, na tiketi zimekwisha mpaka zile za viti vibovu vya nyuma. Hakuna aliyeiona, wala fundi mwenyewe. Hilo ndilo watu hawataki kulisikia.

"Naulizwa mimi kama vile nilikuwepo Ikulu," fundi anasema. "Nikisema sijui, wanakonyezana. Nikinyamaza, wanasema nimekubali. Sasa nifanye nini, nikimbie?"

Fundi huyu, anayejulikana zaidi kwa jina la Brashi, amechora mabango ya ukumbi huu tangu alipokuwa kijana anayechora vibao vya maduka. Kuna wakati alikuwa anachora mabango matatu kwa mwezi. Siku hizi akipata moja anashukuru, maana mashine za kuchapisha zimejaa mjini, hazipandi ngazi na haziombi chai.

"Mashine haikosei," bosi wa ukumbi humwambia kila anapomlipa. Bosi husema kwa utani. Fundi bado anautafuta utani wenyewe uko wapi.

Utaratibu wao wa kazi ni wa ajabu kidogo, lakini wameuzoea. Wenye filamu humtumia bosi picha moja kwenye simu. Bosi huja karakana, huishika simu mbele ya uso wa fundi na kumwambia aangalie haraka, kwa sababu simu yake haishikwi na mtu mwenye rangi mikononi. Fundi huangalia, hufumba macho, huangalia tena. Bosi akishaondoka, kinachobaki kichwani ndicho kinachochorwa.

Na kichwani hakibaki kila kitu. Mapengo huyajaza mwenyewe, na sehemu kubwa ya mapengo hayo ameyajaza kwa viungo vya mke wake, fundi wa cherehani mwenye kibanda mkabala na ukumbi. Hakuna mtu mwingine aliyekubali kusimama bure bila kujikuna.

"Malkia aliyewahi kutundikwa hapa alikuwa na shingo yangu," anasema mama huyo huku akitia uzi kwenye sindano. "Yule mpelelezi wa kike, mikono yangu. Kuna daktari mmoja alikuwa na sikio langu, hili la kushoto. Nimeuawa mara ngapi mimi kwa vipande!"

Uso, hapana. Fundi hakuwahi kuuchora uso wa mkewe kwenye bango lolote. Mpaka hili la Rais.

Siku bosi alipoleta picha ya Rais Hajalala, fundi aliona watu wanne. Rais kwenye kiti. Mshauri wake kulia. Mkuu wa majeshi kushoto. Na nyuma, kando ya pazia, umbo jeusi la mtu wa nne ambaye hakuonekana vizuri. Aliwachora wale watatu kwa siku nne. Alipofika kwa yule wa pazia, alisimama.

"Mtu anayesimama nyuma ya pazia bila kazi anafanana na mwizi," anaeleza. "Nikaona nimpe kazi. Nikampa sinia."

Na ule uso?

Fundi anajifuta mikono kwa kitambaa ambacho kinazidi kumchafua. "Nilikuwa nimechoka na sura za wanaume wanaodanganyana. Nikataka ndani ya chumba kile awepo mtu mmoja ninayemwamini."

Bango lilipotundikwa, watu walimtazama yule mtu mmoja anayeaminika, wakaamua kwamba ni muuaji.

Aliyeanza ni Profesa. Kila mtu ameshaona kionjo cha filamu kwenye simu, na ndani yake, kwa kitambo kidogo tu, kikombe kinaanguka kwenye zulia. Basi. Kwa kinyozi huyo, kesi iliishia hapo.

"Kikombe kimeanguka, si ndiyo? Kikombe kimeletwa na nani? Rais hajichemshii chai," anasema, akiyumbisha mashine ya kunyolea karibu mno na sikio la mteja.

Mbona kwenye kionjo huyo mama haonekani kabisa?

"We! Wangekuonyesha muuaji bure? Wangemficha. Ila fundi amewachomea siri yao." Kisha anaongeza kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Si wote waliomfuata. Karani mmoja mstaafu wa mahakama, anayekuja kunyolewa ndevu hata siku ambazo hana ndevu, anashikilia kwamba muuaji ni mshauri. "Ushahidi wa picha ya kuchora mahakama yoyote inautupa," anasema. Lakini naye alipobanwa aeleze mama wa sinia anafanya nini pale, alikohoa na kusema labda ni shahidi.

Nyumbani kwa fundi mambo yalianza kama mchezo. Wateja waliongezeka kibandani. Watu walileta suruali zisizochanika ili wapate kumwona muuaji kwa karibu. "Mama, kwa nini ulimuua baba wa watu?" walimuuliza, naye akawajibu, "Alichelewa kuja kuchukua nguo yake. Na wewe fanya haraka."

Kisha mama yake mzazi akasikia.

Bibi huyo alifika kwa mkwe wake asubuhi na mapema, akakataa kiti, akakataa maji. "Mkwe, mwanangu nilikupa mzima," alisema. "Leo nakwenda sokoni, naambiwa mimi ni mama mzaa muuaji. Tena muuaji wa rais, siyo wa kuku. Utamtoa au hutamtoa?"

"Mama, ni picha tu," fundi alimjibu, macho chini.

"Kama ni picha tu, basi itoe. Uzito uko wapi?"

Na kibaya zaidi kilikuwa bado kinakuja. Bosi alipasua kioo cha simu yake, akaenda kuweka kipya, na katika kujivunia kioo hicho akamwonyesha fundi ile ile picha ya Rais. Fundi aliiangalia, akaisogelea, akataka hata kuishika.

"Bosi, yule mtu wa pazia yuko wapi?"

"Mtu gani?"

"Aliyesimama hapa. Mweusi hivi."

Bosi alicheka mpaka akakaa. "Hilo lilikuwa doa la kioo, fundi! Kioo cha zamani kilikuwa kimevuja wino. Hata picha ya harusi ya binti yangu ilikuwa na mtu huyo huyo. Ina maana hujui?"

Fundi hakujua. Mtaa mzima ulikuwa unagombana juu ya doa la simu, na doa hilo lilikuwa na macho ya mkewe.

Alitaka kwenda kumfuta siku hiyo hiyo. Bosi aliacha kucheka. "Usimguse," alisema. "Watu wamenunua tiketi kwa ajili yake." Fundi akauliza, je, Jumamosi wakimkosa ndani ya filamu? Bosi alisema wakileta vurugu atawaambia ukweli, kwamba kosa ni la mchoraji, na baada ya hapo ukumbi utahamia kwenye mashine.

Akimfuta mkewe, anamwasi bosi. Akimwacha, anasubiri kuumbuka mbele ya watu waliomwamini tangu ujana wake, na huenda akakosa kazi. Mama mkwe naye anamsubiri. "Kichwa kilikuwa kinazunguka kama feni," anasema. "Nikaona bora nikosane na bosi, maana mama mkwe hana mbadala."

Ndipo alipopanda ngazi Alhamisi hii, na kopo lake jeusi.

Sasa watu wanasogea pembeni. Mke wa fundi anavuka barabara, futi ya kupimia ikiwa shingoni, pini mdomoni. Anazitoa pini moja moja na kuzichomeka kwenye ukosi kabla ya kuzungumza.

"Baba watoto, shuka."

"Mama watoto, namalizia jambo dogo. Ni kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu? Miaka yote hii umenichora shingo, umenichora sikio, umechora mpaka kisigino changu ukampa mwanamke mwingine. Leo ndiyo kwanza nimepata uso. Halafu unanifuta mbele ya watu?"

"Lakini mama yako…"

"Mama yangu nitazungumza naye mimi. Shuka."

Profesa anapiga makofi peke yake, kisha anaacha. Fundi anabaki ngazini, brashi hewani, uso wa mtu aliyepotea katika mtaa aliozaliwa. Hatimaye anashuka. Kopo linarudi karakana likiwa limejaa kama lilivyotoka.

Jumamosi mchana ukumbi umefurika. Mke wa fundi, ambaye kwa maisha yake yote ya ndoa hajawahi kuingia humo kwa kuwa daima ana nguo za watu za kumaliza, amevaa gauni lile lile la kwenye bango. Anapopita kutafuta kiti chake, watu wanasimama kama wanampisha mgeni rasmi. Fundi anakaa karibu na mlango wa kutokea. Anasema ni kwa sababu ya hewa.

Taa zinazimwa. Kila pazia linapotikisika, ukumbi mzima unavuta pumzi. Kikombe kinapoanguka, Profesa anasimama juu ya kiti. "Sasa! Mwangalieni, anakuja!"

Haji mtu. Rais anainamia meza, wanaume wanakimbia huku na kule, anazikwa, watu wanalia. Halafu katika dakika za mwisho Rais huyo huyo anaonekana mzima, kofia usoni, akipita mlango uliofichwa nyuma ya pazia. Hakuuawa na mtu. Alijizika mwenyewe ili akimbie kazi aliyoichoka. Taa zinawashwa.

Karani mstaafu anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. "Nimekosea," anakiri. "Lakini na filamu nayo imekosea."

Kijana mmoja wa mstari wa mbele anadai arudishiwe pesa zake. Wengine wanaanza kuitikia, na macho yanageuka kumtafuta fundi pale mlangoni. Amesimama, hakukimbia. Jasho linamtoka.

"Ngojeni!" Ni Profesa, bado yuko juu ya kiti. "Mlango ule ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mmeona? Ulikuwa umefungwa! Sasa nani alimfungulia?"

Watu wanatazamana.

"Chai ilikuwa haina sumu. Kwa nini? Kwa sababu aliyeileta alikuwa upande wake! Alimfungulia mlango, akabaki. Ndiyo maana hatujamwona. Angeonekana, si angekamatwa?"

Ubishi unalipuka upya, mkubwa kuliko wa mwanzo, na unatoka nao mpaka barabarani chini ya bango. Wapo wanaomwona mama wa sinia kuwa shujaa. Wapo wanaosema ni uongo mtupu. Wapo ambao tayari wako dirishani wakiuliza tiketi za kesho, wakaangalie ule mlango vizuri. Bosi anawahudumia huku akitabasamu, na neno mashine halijatajwa tena.

Fundi hafurahi wala hasikitiki. "Nilijitayarisha kutukanwa, nimepewa mkono," anasema. "Sijui kama nimepona au nimeongeza deni la uongo. Nikiwaambia ni doa, watakubali kweli? Profesa atasema doa nalo lilitumwa."

Mkewe ndiye wa mwisho kutoka. Watu wanampisha, wanampongeza, wengine wanamwita mama mkombozi. Anaitikia kwa kichwa tu. Anapofika kwa mumewe anasimama na kuliangalia bango kwa muda mrefu.

"Nilikuwa najua simo," anasema. "Uliniambia mwenyewe habari za lile doa. Lakini nimejisubiri mpaka taa zimewashwa."

Fundi anageuka, naye analiangalia bango.

"Usinitie tena kwenye sinema za watu," mama anaendelea, taratibu, bila hasira. "Sitaki kuua na sitaki kuokoa. Kuna ukuta mtupu pale sebuleni. Nichore pale. Mimi mzima, nimekaa, sina kazi yoyote mkononi."

Siku chache baadaye, ukuta huo umeshapakwa chokaa. Samani zimesogezwa, na mama mkwe, aliyekuja kukagua, safari hii amekubali kiti. Mke wa fundi amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya mapaja, cherehani imefunikwa. Fundi amesimama mbele yake na kipande cha mkaa. Amechora mstari mmoja, ameufuta, amechora mwingine.

Mpango wake ni kumaliza kabla ya bango jingine kuja. Anasema ameshachora marais, majambazi na malkia bila kumwona hata mmoja wao, na hakuwahi kukwama.

"Huyu namwona kila siku," anasema, akimtazama mkewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Sasa mbona sijui nianzie wapi?"

"Anzia popote," mama anamjibu. "Leo sina nguo ya mtu."