Nilikuomba Macho

Naikumbuka siku moja ya miaka ya tisini, mjukuu wangu, siku ambayo "ndiyo, Mzee" ilinichoma mdomo.

Nilikuwa msichana, msaidizi wa Mzee Njeru, mpima ardhi wa Embu. Tulikuwa tunatafuta mahali pa kuchimba silanga la maji ya mvua huko Gachoka, maana kiangazi kilikuwa kimechosha watu na mifugo. Tulitumia picha zilizopigwa kutoka kwa ndege. Ukiweka mbili za mahali pamoja kandokando, ukazitazama kwa lenzi mbili, kilima kinainuka na bonde linazama. Lakini picha zetu zilikuwa na ukungu. Tukaagiza kubwa zaidi, tukapangusa vioo, tukasogeza meza dirishani. Hapo ndipo nikaliona korongo kwenye kivuli cha miti, likishuka moja kwa moja hadi kwenye nyumba ya mtu.

Mzee akainama, akatazama. "Hapa ni tambarare, si ndiyo?"

"Ndiyo, Mzee."

Ningembishia vipi? Alikuwa wa rika la baba yangu.

Tulipofika Gachoka kupigilia vigingi, bibi kizee aliyeitwa Cucu Wanja, yaani Nyanya Wanja, akatoka nyumbani kwake, hapo chini tu.

"Nyinyi mnataka kunizamisha? Maji yote ya mvua inapitia hapa! Silanga ikipasuka, ni kwangu inashuka!"

Mzee aliliangalia korongo, akanigeukia. "Hii kitu uliiona kwa picha?"

"Niliiona, Mzee."

Akang'oa kigingi. "Jicho langu la kushoto lilizimika. Kwa jicho moja, hata Mlima Kenya kwa hiyo picha umelala kama mkeka. Nilificha, na mficha uchi hazai. Lakini wewe, mbona nilikuwa nakuuliza kila saa? Nilikuomba macho, ukanipa heshima."

Niliona aibu sana. Nilikuwa nimemstahi mzee mmoja nikakaribia kumzamisha mwingine.

Mjukuu wangu, heshima si utumwa. Mkubwa akikuuliza unaona nini, mwambie kwa adabu, lakini mwambie. Siku hizi mna kamera zinazopima kina zenyewe, nazo pia, nasikia, zisipoona hukisia. Usiwe kama hizo.

Na macho yangu sasa yamechoka. Nikikuuliza kama njia ni nzuri, usinijibu "ndiyo, Cucu" kwa sababu unanipenda. Mungu akujalie macho mawili mazima, na mdomo usioyasaliti.