Shangazi Hasemewi

Shangazi yangu ni kiziwi tangu utotoni, na mtu asikudanganye, ndiye msemaji kuliko wote katika ukoo wetu. Anasema kwa mikono. Ukikaa naye chai itapoa, maana ukiangalia kikombe tu umekosa utamu wa habari. Ni fundi wa makochi. Anavua vitambaa vilivyochakaa, anabadilisha sponji, anagongelea kitambaa kipya, na kila akitua nyundo anamsengenya mwenye kochi.

Kisha viungo vya vidole vikaanza kuvimba. Majirani wakasema ni baridi tu, itapita. Haikupita. Hospitali nilikwenda naye kumtafsiria. Daktari alieleza kwamba ndani ya kiungo kuna utando mwembamba unaotoa ute, ndio unaolainisha mifupa isisagane. Kwa Shangazi, kinga ya mwili inaushambulia utando huohuo. Unavimba, na akilala vidole vinakakamaa. Asubuhi ngumi haifunguki. Mchana, akishameza dawa, inalegea.

"Kwa hiyo naamka bubu?" Shangazi akamuuliza.

Daktari alicheka. Shangazi hakucheka.

Baba Mkubwa, kaka yake, aliyajua hayo yote. Nilimweleza mimi mwenyewe. Basi niambieni kwa nini kikao cha kuamua nyumba ya Shangazi alikiweka asubuhi na mapema.

Nyumba ile Bibi alimwachia Shangazi, na chumba cha mbele ndiyo karakana. Baba Mkubwa alitaka ahamie kwake, kwenye kachumba ka nyuma, nyumba ipate wapangaji. Tulikuwa wanne: wao wawili, baba yangu ambaye ni mdogo wao, na mimi. Tulikaa juu ya makochi aliyoyashona Shangazi, tukaambiwa kwamba hawezi tena kushona.

"Dada yetu amechoka, mikono imemshinda," Baba Mkubwa akasema. "Nimeongea naye, amekubali."

Ameongea naye! Mtu aliyekua naye nyumba moja na hajui alama nyingine zaidi ya kula, njoo na subiri. 

Shangazi alikuwa akimsoma midomo. Akainua mikono ajibu. Vidole vilikuwa vimejikunja, vifundo vimetuna, na alichotaka kusema kikatoka mkorogo mtupu.

"Si mnaona wenyewe?" Baba Mkubwa akasema.

Nikadakia. "Hajakubali lolote! Shangazi anataka..."

Shangazi akapiga meza kwa kiwiko, vikombe vikaruka. Jicho alilonitolea mimi lilikuwa kali kuliko lile alilomtolea kaka yake. 

Akaenda jikoni, akarudi amebana beseni la maji ya moto kifuani. Akalitua mezani katikati ya vikombe, akatumbukiza mikono, akatulia.

"Ndiyo nini sasa?" Baba Mkubwa akauliza.

"Anapasha mdomo moto," nikamwambia.

Baba yangu akakohoa kuficha kicheko.

"Mimi nina kazi, jamani," Baba Mkubwa akasema.

"Kikao umekiita mwenyewe, Kaka," baba yangu akasema. "Tulia."

Tukasubiri. Maji yakipoa Shangazi ananisukumia beseni, naongeza ya birika. Chini ya maji alikuwa akikunjua kidole kimoja kimoja, uso umekunjamana kwa maumivu. Baba Mkubwa aliangalia saa, akaangalia simu, akaangalia dari. Nilifurahi kumwona akiteseka, sifichi.

Hatimaye Shangazi akatoa mikono. Haikunyooka yote, lakini ilitosha. Akaanza, nami nikatafsiri neno kwa neno.

"Wewe hujaongea na mimi. Nyumba Mama aliniachia mimi, na ulikuwepo. Sihami. Kazi naianza mchana, wateja wangu wanajua na hawajalalamika. Na siku nyingine ukiniitia kikao asubuhi..."

"Haya, haya, tumesikia," Baba Mkubwa akasema, akanyanyuka na kugeuka kutafuta funguo zake.

Kwa Shangazi, ukigeuza uso umemziba mdomo. Akazunguka meza. Akamshika kidevu kwa vidole vile vilivyopinda, maji yakichuruzika hadi kwenye kola ya shati, akaurudisha uso wa kaka yake mbele yake. Kushika kulimuuma, nilimwona akisaga meno. Hakumwachia mpaka kaka mtu alipomtazama machoni. Kisha akainua mikono.

"Sijamaliza," nikatafsiri, ingawa hiyo nadhani aliielewa.