Liwa ya Mke wa Chabane

Ramlati alikuja Moroni kutoka Mutsamudu na jiwe ndani ya kikapu. Sasa, Ngazija hatuna upungufu wa mawe. Kisiwa kizima ni jiwe la volkano, hata muhogo tunaupanda kwa kuubembeleza. Nikamuuliza, "We mtoto, umevuka bahari kuniletea jiwe?" Hakucheka. Alisema jiwe letu jeusi lina matundu, linameza liwa yote kabla haijafika usoni. Akalitoa lake la tumbawe, jeupe, limelika katikati kwa kusagiwa, akaliweka uani kwangu karibu na mtungi.

Mimi ndiye niliyempangisha chumba. Nilizaliwa Unguja, nikarudi huku na wazazi wangu baada ya mapinduzi, ndiyo maana nasema liwa. Wenyewe wanaita msindzano. Ni kitu kilekile. Unakisugua kijiti cha msandali kwenye jiwe na maji kidogo mpaka utoke uji wa njano, unajipaka uso mzima, unakauka, unaendelea na shughuli zako. Jua halikuunguzi, chunusi zinanyauka, ngozi inakuwa laini. Ukipita sokoni asubuhi utakuta nyuso za njano tele na hakuna anayeshangaa. Lakini aliyefiwa na mume hapaki. Akiwa eda uso wake hubaki mtupu, na mtaa mzima unajua maana yake.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mumewe, Chabane, alikuwa karani bandarini Mutsamudu. Mwaka ule wa themanini na tano alisema gatini, mbele za watu, kwamba nchi inayolindwa na mamluki haina mwenyewe. Mdomo huo. Wiki haikuisha wakamchukua, wakampandisha ndege kwenye uwanja wa Ouani, wakamleta kwenye kambi moja njia ya Ikoni. Ramlati akafuata kwa meli, na tangu hapo hakumtia machoni.

Kila akipika alimpelekea bakuli. Bakuli liliingia limejaa, likatoka tupu, na bakuli tupu halisemi limeliwa na nani. Shati safi ziliingia, chafu hazikutoka. Na kila asubuhi, kabla ya chai, nilimsikia uani akisaga. Kama usiku hakulala, alisaga. Kama macho yamevimba kwa kulia, alisaga, akapaka mpaka chini ya kope.

Majirani hawakukosa la kusema. Mume yuko kifungoni, yeye anajiremba, anamrembea nani? Nilimjibu mmoja pale bombani, nikamwambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ndoo yake ikajaa ikamwagika akiwa bado ananitazama. Wajinga. Hawakuona kwamba siku Ramlati akitoka na uso mtupu, ndiyo siku amemzika mumewe kwa mkono wake.

Halafu akaja Maalim Mdahoma. Huyu ni baba mdogo wa Chabane, mwalimu wa Kurani Mutsamudu, mtu wa haki na mpole, na upole wake ulinitia hofu kuliko ukali. Alikaa kwenye mkeka, akakataa chai.

"Mwanangu," alimwambia Ramlati, "kuna mtu ametoka kambini. Anasema alimwona Chabane akibebwa. Hatembei, anabebwa. Tangu siku hiyo hakumwona tena."

"Alimwona amekufa, baba?"

"Hakusema hivyo."

"Basi na sisi tusiseme."

Maalim alitazama chini. Alisema watu wa Mutsamudu wanamuuliza kila swala. Kama kijana amekufa ana haki ya kusomewa hitima, na mkewe ana wajibu wa kukaa eda. Kumwacha maiti bila dua kwa sababu ya matumaini, hilo nalo ni dhuluma. Angengoja hadi Ijumaa. Pasipokuwa na habari nyingine, angeisoma hitima hapahapa Moroni, na Ramlati angeosha uso.

Ramlati hakubisha. Angebisha ningepata nafuu. Alikwenda uani akalishika lile jiwe kwa mikono miwili.

Kesho yake tulikodi teksi mpaka kambini. Njiani aliniambia alichofanya. Safari iliyopita alikunja donge la liwa mbichi, iliyosagwa, kwenye jani la mgomba, akalificha ndani ya shati. Chabane akishikwa na joto hutoka harara mgongoni, katikati, pale mkono wake mwenyewe usipofika. Kwao alikuwa akikaa kwenye kigoda na yeye akimpaka, na Chabane akinung'unika kwamba shati zake zote zina njano mgongoni kama mwari.

"Nitawaomba shati chafu," alisema. "Kama wameitupa ile liwa, basi. Kama ipo kwenye shati, yuko."

"Na wakikupa shati safi?"

Nikajilaumu kuuliza.

Getini alikuwepo askari wetu, Combo, kijana wa Kikomori. Mzungu mmoja wa mamluki alikaa nyuma yake kivulini, miguu juu ya kreti, anakula papai kwa kisu. Ramlati alimkabidhi Combo bakuli, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wanataka nikae eda. Nipe shati yake moja, usiifue."

Combo aligeuza macho kwa yule mzungu, akayarudisha kwetu. "Hakuna shati. Nendeni."

"Una mama wewe?" nikamuuliza.

"Bibi, nendeni, mtaniponza."

Tuliondoka kwa miguu, teksi ilikuwa imeshatukimbia. Alhamisi Ramlati hakusaga. Nilikaa kitandani nikisikiliza uani, kimya, na kimya kile kilinitisha kuliko mamluki wote. Nilipotoka nilimkuta ameshika kijiti mkononi, jiwe kavu.

"Saga," nikamwambia. "Ijumaa bado." Akasaga.

Ijumaa, baada ya swala, Maalim Mdahoma alirudi. Mkeka ulitandikwa, juzuu zimepangwa, maji ya kuoshea uso yamo kwenye beseni. Ramlati alikuwa ameinama juu ya beseni mlango ulipogongwa. Aliyegonga alikuwa mwanamke nisiyemjua, mchuuzi wa samaki kutoka Ikoni. Akaniwekea mkononi bakuli letu, limefunikwa kwa gazeti. "Mwanangu yuko getini kule," alisema. "Mimi sijafika hapa." Akaondoka hata bila kunywa maji.

Ndani ya bakuli mlikuwa na shati, imekunjwa ndogo, inanuka jasho.

Maalim ndiye aliyeikunjua, kwa sababu Ramlati alishindwa. Katikati ya mgongo palikuwa na njano. Kiganja kizima kilikuwa kimegandamizwa pale, na vidole vyake, vikubwa, vya mwanamume. Ramlati alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akakaa chini na kulia na kucheka pamoja.

"Yuko," alisema. "Yuko, baba. Kuna mtu amempaka."

"Alhamdulillahi," akasema Maalim. Lakini hakuiweka shati chini. Aliisogeza mlangoni kwenye mwanga, na mimi nikaona alichokiona. Chini ya ile njano kulikuwa na michirizi ya kahawia, imekauka, imelala sambamba kutoka bega hadi kiuno. Harara haitoi damu. Maalim akataka kuikunja upesi, Ramlati akamzuia mkono, akaitazama yote, mchirizi mmoja baada ya mwingine.

Hakulia tena. Maalim alifunga juzuu zake, akayamwaga maji ya beseni uani kwa mkono wake mwenyewe. Ramlati akaenda kwenye jiwe. Akasaga, akajaza kikombe, akaendelea kusaga mpaka kijiti kikabaki kidogo sana.

"Inatosha sasa," nikamwambia. "Chabane ana mgongo mmoja tu."

"Na aliyempaka?" akasema. "Yeye mgongo wake anapakwa na nani?"

Nikaenda kumtafutia kijiti kingine.