Baba Zetu Wote Madaktari wa Mifugo

Marit alitoka Norwe kuja kuwafundisha watoto wetu bila mshahara, na alifika Septemba. Mtu anayeijua Talas, bonde letu hili la Wakirgizi, asingekuja Septemba. Mwezi huo kila nyumba iko shambani inang'oa maharage, na mtoto anayefika darasani huwa amekuja kulala.

Alikaa kwangu. Mimi nafundisha Kiingereza shule hiyohiyo, mwaka wa kumi na nane huu, kwa hiyo nilikaa nyuma ya darasa la tisa kumtafsiria alipokwama. Alifundisha akitembea: dirishani, mlangoni, ubaoni, kisha kurudi, mpaka wachache waliokuwa macho wakachoka kumfuata kwa shingo. Nyumbani aliuzunguka ua na kikombe mkononi, akiniuliza kosa lake ni nini. Nilimjibu kwamba ni msimu tu. Oktoba ikaisha, maharage yakaingia maguniani, nao wakaendelea kulala.

Siku moja alimwamsha Emilbek, ambaye kaka zake wawili wako Moscow kwenye ujenzi, akamuuliza mbona hajali.

“Mwalimu, Kiingereza nitaongea na nani, na maharage?”

Darasa likacheka. Marit akamwambia aongee naye.

“Wewe ni wa mwaka mmoja tu. Maharage hayana kwao pengine.”

Marit alikuwa na barua ya shirika lake, ikimtaka aseme kufikia Ijumaa ya mwisho ya Novemba kama ataongeza mwaka wa pili. Akaniambia atawapa mtihani. Nusu yao wakifaulu kwa akili zao wenyewe, anabaki. Nilitaka abaki. Kwa miaka yote hiyo Kiingereza changu kilikuwa cha kusahihishia madaftari. Sasa nilikuwa naamka asubuhi nikiwa na jambo la kumwambia mtu.

Aliwataka waeleze kazi ya baba. Karatasi ishirini na mbili zikarudi, na kwenye zote baba alikuwa daktari wa mifugo. Baba yake Emilbek anaendesha trekta. Wa mwingine alifariki zamani. Baba wa Aizirek, binti anayekaa mbele, ndiye anayetibu ng'ombe kweli. Kwetu kumficha mwenzako jibu ni kama kula mkate umempa mgongo.

Marit akawapa wote mbili, yaani wameanguka, Aizirek naye akiwemo. Akamfuata nje kumuuliza kwa nini alitoa karatasi yake.

“Wangeniita mchoyo, mwalimu. Wewe utaondoka. Mimi nitaolewa humuhumu.”

Kesho yake naibu mkuu wa shule, Bwana Sabyrbek, aliniita. Hakufoka. Alinikumbusha tu, huku akinimiminia chai, kwamba mbili ya mwanafunzi ni mbili ya mwalimu, na wakaguzi hawatamuuliza mgeni, wataniuliza mimi. Nikachukua daftari la alama nikaandika tatu, ambayo ni kufaulu, tatu, tatu, hadi chini. Aizirek nikampa tano, ya juu kabisa. Nimefanya hivyo kila muhula. Mkono unaijua njia.

Alhamisi Bwana Sabyrbek alimpongeza Marit mbele ya walimu wote: darasa zima limefaulu. Marit akanijia na daftari, akauliza nani kaandika.

“Mimi.”

“Miaka yote kumi na minane?”

Nikamwambia kuna miaka naandika nne. Nilidhani atacheka. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele yangu.

“Watoto ningewavumilia, dada Burulai. Wao hawataki tu. Wewe unajua, na bado unaandika.”

Ijumaa alituma jibu lake: hataongeza mwaka.

Ataondoka Juni. Muhula unafungwa wiki ijayo, na safari hii alama za darasa la tisa amezijaza mwenyewe, kwa wino. Mbili ni kumi na saba. Bwana Sabyrbek keshanijia mara mbili kuhusu daftari. Nimemwambia analo Marit, akamwombe yeye. Hajaenda. Na mimi najaza alama za madarasa mengine, na kila mara mlango unapofunguliwa, kalamu inanitoka mkononi.