Siku Kulipokucha Saa Tisa Mchana

Mimi shule niliiacha darasa la tatu, lakini tairi ninalijua. Kibanda changu cha kuziba tairi mtaani Buyenzi nilikijenga kwa mikono hii, na katika miaka ile ya vita nilikuwa na sifa moja mtaani. Tairi likipasuka watu wanalala chini wakidhani ni bomu, mimi nabaki nimesimama, nasema inukeni, hilo ni tairi la mbele la lori. Sikukosea hata mara moja.

Basi kaka yangu mkubwa akaja kutoka Kigoma kumchukua mama. Alisema mji huu umeisha. Mama hakutaka kuondoka, ila alisema tuamue sisi, yeye anachambua mchele wake. Nikamwomba kaka siku moja. Ujana wake wote aliumalizia Bwiza, ng'ambo tu ya barabara kutoka kwetu. Nitamtembeza huko, akiona watu wanaishi, mama anabaki. Akiona vinginevyo, meli ya Kigoma ni kesho. Tukapeana mkono.

Tulitoka baada ya sala ya adhuhuri. Sasa ujue, usiku haukuwepo tena. Jua likizama ni kuvurefe, amri ya askari, kila mtu ndani. Kwa hiyo Bwiza waliuhamisha usiku wakauleta mchana. Mishikaki ilichomwa saa sita. Wanawake walipaka poda juani. Kaka alicheka kuona bwana mmoja wa suti anapepesuka saa saba, amekumbatia mkate wa watoto wake. Nilimwonyesha kila kitu mbiombio: baa ile, ukuta huu, kinyozi wake wa zamani bado yuko na mkasi uleule. Kila aliposimama nilimvuta mkono. Akauliza mbona natembea kama nimeiba. Nikasema ndiyo mwendo wa mji. Kumbe masikio yangu yote yalikuwa upande wa Gihosha, maana alfajiri mizinga ilikohoa mara mbili huko milimani, yeye akiwa usingizini, nami sikumwambia.

Tukaingia kwenye ukumbi alikocheza zamani. Madirishani wamepigilia mablanketi, ndani giza, taa nyekundu, muziki. Ukisahau saa, ni usiku kabisa. Tukaagiza soda. Kaka akatulia, akaanza kupiga meza kwa vidole kama enzi zake. Nikajua nimeshinda, mama anabaki.

Pale walikuwa na desturi yao. Saa kumi kamili mwenye ukumbi anagonga kifuniko cha sufuria na kusema neno moja, "Kumekucha." Maana yake rudini makwenu kabla ya askari. Nilipomweleza kaka alicheka mpaka akakohoa.

Siku hiyo kulikucha saa tisa. Nje kililia kishindo, kimoja tu. Kifuniko kikagongwa, neno likasemwa bila kelele, na kaka hajageuza shingo, ukumbi mtupu. Mablanketi chini, mwanga umemjaa usoni, yeye peke yake mezani. Mimi nilikuwa nimeshavuka barabara, nimelala mferejini, chupa ya soda mkononi.

Kwenye kona lori la magunia lilikuwa limeinama upande mmoja. Tairi la nyuma, la ndani, ndilo lililopasuka. Dereva ananijua, alikuwa ananitazama.

"Mzee wa tairi, na we leo? Sasa sisi tutauliza nani?"

Watu wa mferejini walicheka. Kaka alikuja polepole, akaninyanyua, akanipangusa matope begani kama alivyofanya nikiwa mtoto. Yeye hakucheka. Afadhali angecheka.

"Ulikumbuka kwamba niko ndani?" akauliza.

Sikukumbuka. Miguu ilikwenda yenyewe, ikamwacha kaka yangu. Na kesho mezani atakuwa mama, na mama kwa magoti yale hakimbii. Mimi nimejitengeneza mwenyewe, sijawahi kumwomba mtu radhi kwa kazi yangu, lakini pale niliitua ile chupa chini, nikamtazama kaka.

"Meli inatoka saa ngapi?" nikasema.

Tulirudi kwa miguu. Safari hii yeye ndiye aliyenivuta mkono. Mama alikuwa bado uani na mchele wake. Hakuuliza tumeamua nini, aliangalia matope kwenye kanzu yangu.

"Mama," nikamwambia, "leo nimekosea tairi."

Akaweka sinia chini, akaingia ndani kukunja nguo zake.